Nilianguka kwa utani Marui, tumbo likanitesa karibu mwaka, lawama zikaenda ukweni

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji kuliko mwandishi. Nasoma nyuzi zenu nikiwa nasubiri umeme urudi, nacheka, naendelea na kazi. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenichosha, na nyumbani hakuna wa kumwambia kwa kuwa kila mtu wa nyumbani yumo ndani yake.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine nimeyaacha yalivyo. Asiyeamini apite tu, sina nguvu za kubishana na mtu.

Mnifahamu kidogo kwanza. Ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti na grili za madirisha. Kibanda changu kipo Mkuza, hapa Kibaha. Kwetu ni Tabora, Mnyamwezi. Mke wangu, tumwite Mama Nasra, ni Mzaramo wa Marui, kule Kisarawe ndani kabisa.

Wanaojua hapo washaanza kucheka. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani.

Kwa wasiojua, utani wetu hauishii kwenye maneno. Kwenye msiba mtani ana ruhusa ya kufanya vituko ambavyo mtu mwingine akivifanya anafukuzwa. Anazuia chakula kisipakuliwe mpaka apewe kitu. Analala njiani kujifanya kafa. Watu wanamtukana, wanacheka, majonzi yanapungua kidogo. Hiyo ndiyo kazi yake pale.

Sasa tatizo langu ni kwamba pale Marui mimi ni mkwe vilevile. Na mkwe anatakiwa atulie. Mama mkwe namwamkia nikiwa nimeinama, sikai naye mkeka mmoja, hata kumwangalia usoni naona haya. Kwa hiyo nina vyeo viwili na vyote viwili havipatani.

Baba mkwe alipofariki nilikaa kimya msiba mzima, nikabeba ukwe wangu vizuri tu. Watani wenzangu wakanisema sana. Ilipofika arobaini nikaona basi, leo na mimi nifanye yangu.

Palikuwa na mkokoteni mtupu unakwenda kuchukua masufuria ya kukodi. Nikaukalia pale mbele, karibu na mipini, nikatangaza kwamba hauondoki mpaka nilipwe jogoo. Kama hawana jogoo, wanipe Mzaramo mmoja nikamuuze Tabora. Wakina mama waliokuwa wanachambua mchele wakavunjika mbavu kwa kicheko.

Shemeji yangu Seif, kaka wa mke wangu, akasema huyu mzigo tunaushusha. Akazunguka nyuma, akaunyanyua mkokoteni ili nimwagike kama kuni.

Nikamwagika kweli. Nilitangulia kifua, na ncha ya mpini ikanipata chini ya mbavu za kushoto.

Wakuu, pumzi ilikata. Nililala pale kwenye mchanga mdomo uko wazi na hewa haiingii. Na hapo ndipo kicheko kilipopamba moto, kwa sababu mtani kulala chini ndiyo mchezo wenyewe. Wakaniletea khanga wakanifunika gubigubi. Shangazi mmoja wa mke wangu akaanza kunililia, anataja sifa zangu za uongo, kwamba nilikuwa nakula sana na nimeacha deni la ugali kila nyumba. Watu wanajifuta machozi kwa kucheka.

Mimi chini ya khanga natafuta pumzi.

Ikarudi taratibu. Nilipofunua khanga na kukaa, nilicheka na mimi. Ningefanya nini? Ukikasirika kwenye utani umeuharibu, na ule ulikuwa msiba wao.

Jogoo nikapewa. Mama mkwe mwenyewe alimpeleka kuchinjwa na akampika kwa mkono wake, akaagiza niletewe sahani yangu peke yangu, firigisi ikiwa juu. Ile ni heshima kubwa, mkwe kupewa firigisi. Nilikula huku ubavu unawaka. Sikubakisha.

Naomba mkumbuke hiyo sahani, maana ndiyo ambayo watu wote waliikumbuka baadaye.

Ubavu uliuma kwa majuma kadhaa. Mama Nasra akawa ananichua na mafuta ya karafuu. Pakavimba, pakawa na rangi ya zambarau, kisha pakapoa. Nikarudi kazini, nikaanza kubeba vyuma kama kawaida. Kwangu mimi jambo lile likawa limekwisha.

Halafu tumbo likaanza.

Lilianza kidogokidogo hata siwezi kuwaambia ni siku gani. Nilikuwa nakula matonge machache najisikia nimeshiba kama nimekula pilau la harusi. Nikabeua mpaka naona aibu mbele ya wateja. Nikilala baada ya kula, kuna kitu kinapanda kifuani na bega la kushoto linauma. Bega, wakuu. Tumbo na bega vinahusiana nini?

Na kifua kikawa kinanguruma. Nasra, binti yangu, alikuwa anaweka sikio kifuani kwangu anasema baba una chura. Tulikuwa tunacheka.

Nikaenda dispensary. Nikaeleza tumbo linajaa gesi, nikapimwa, wakasema nina bakteria wa vidonda vya tumbo. Nikapewa dozi, nikaimaliza. Nikapata nafuu ya siku chache, likarudi. Nikapewa dozi nyingine. Ultrasound ikaonyesha tumbo halina tatizo.

Nadhani mnajua nchi yetu ilivyo kwa vidonda vya tumbo. Kila mtu ni daktari. Mteja anakuja kuuliza geti lake anaondoka ameniachia dawa. Nimekunywa juisi ya kabichi mpaka jasho linanuka kabichi. Nimekula unga wa ndizi mbichi. Asali, mwarobaini, maji ya magadi. Nimeacha maharage, nimeacha pilipili, nimeacha chai ya rangi, nimeacha karibu kila kitu kinachomfanya mtu atamani kuamka.

Nikapungua. Suruali nikawa nafungia mkanda kwenye tundu nililotoboa mwenyewe kwa msumari wa moto. Kunyanyua fremu ya geti nikawa nahema kama nimekimbia.

Kuumwa kusikokuwa na jina kunachosha, wakuu. Mtu aliyevunjika mguu anaonewa huruma. Wewe mwenye tumbo watu wanakuchoka, na wewe mwenyewe unajichoka.

Sasa anaingia dada yangu.

Dada Zuhura ni mkubwa wangu, anaishi Maili Moja, ndiye aliyenipokea nilipotoka Tabora sina kitu. Nampenda na namwogopa. Siku moja alikuja kuniona, akanikuta nimesukuma sahani pembeni. Akasubiri Mama Nasra atoke kwenda dukani, akaniuliza hili tumbo lilianza lini hasa. Nikamwambia ni baada ya ile arobaini ya Marui.

Akaniuliza nilikula nini kule.

Nikamwambia jogoo.

"Ulikula na nani?"

"Peke yangu. Alinipikia mama mkwe."

Dada akafunga ushungi wake vizuri, kisha akasema, "Umelishwa, mdogo wangu."

Nilimkatalia. Nataka mjue kwamba nilimkatalia na nilikasirika. Lakini neno kama lile likishaingia halitoki. Unakaa na mama mkwe wako kichwani, unamwona anavyokoroga chungu. Unajiuliza kwa nini sahani ya peke yangu. Unajiuliza kwa nini dozi zote hazifanyi kazi. Na tumbo lenyewe haliachi, kila likijaa linakukumbusha.

Nikaanza kula kwa mama ntilie karibu na kibanda. Nikifika nyumbani nasema nimeshiba. Safari za Marui nikazikata, kila zikitajwa nina kazi ya mtu. Mama mkwe akatuma mihogo na nazi, nikamwambia Mama Nasra agawie majirani, tumbo langu halipatani na mihogo. Akagawa.

Mke wangu si mjinga. Hakuniuliza chochote kwa muda mrefu. Jioni moja amesimama mlangoni na mwiko mkononi, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Leo unataka akupikie nani?"

Akarudi jikoni, akapika chakula chake na cha Nasra. Tangu siku ile hakunipakulia tena mpaka nimwombe, na mimi sikumwomba. Tukawa tunaishi kama wapangaji.

Bila shaka habari zilifika Marui. Hakuna aliyezipeleka, lakini zilifika. Seif aliacha kunipigia simu za matusi ya utani. Siku nilipompigia mimi, aliniamkia kwa heshima, "Shikamoo shemeji." Seif ni mkubwa kwangu kwa umri. Pale nilijua mambo yameharibika.

Dada akasema anamjua mzee mmoja Ruvu anayetoa vitu vya kulishwa. Nilikuwa nimechoka mno kukataa. Wapo watakaonitukana kwenye comment, haya, tukaneni. Mkae na tumbo kama lile kwa miezi yote ile ndiyo mje.

Tulikwenda asubuhi. Mama Nasra nilimwambia nakwenda Ruvu kupima dirisha la mteja.

Yule mzee hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza maswali machache, akanipa bakuli la dawa ya mizizi, chungu kama nini, akaniambia nitatapika mpaka kile kitu kitoke. Nikanywa. Nikatapika kweli, wakuu, natapika nimeshika mti, dada amenishika mgongoni anasoma dua.

Halafu kitu kikavutika kifuani upande wa kushoto. Siwezi kueleza vizuri. Maumivu yakaja ya namna nyingine kabisa, na pumzi ikakataa kama ile siku ya kwanza. Dada alipoona midomo inabadilika rangi alipiga kelele akitafuta gari. Tulipata pickup ya mtu aliyebeba matikiti, wakanilaza juu ya matikiti mpaka hospitali moja huku Kibaha.

Njiani dada akampigia simu Mama Nasra. Sijui alimwambia nini. Mimi nakumbuka nilipofunguliwa macho na daktari, mke wangu alikuwa amesimama miguuni kwangu, kavaa dera la nyumbani, hata viatu vyake havikufanana.

Daktari akaweka kile kifaa chake kifuani. Akasikiliza kulia, akasikiliza kushoto, akarudia kushoto. Akaniuliza kama kuna siku nilipata ajali, niligongwa au nilianguka.

Nikasema hapana.

Na sikudanganya. Kichwani mwangu sikuwa na ajali yoyote. Ajali ni gari, ni pikipiki, ni kuanguka juu ya paa la mteja. Nilikuwa nimeulizwa swali lile dispensary pia, nikasema hapana vilevile.

Daktari akamgeukia dada. Dada akasema hajawahi, ila alikula chakula mahali.

Hapo Mama Nasra akaongea.

"Alianguka Marui," alisema. "Kwenye arobaini ya baba. Alianguka juu ya mpini wa mkokoteni, hapa. Tulimfunika khanga tukamcheka."

Akaonyesha kwenye ubavu wake mwenyewe. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Mimi pia nilicheka."

Dada akavuta ushungi wake ukafunika nusu ya uso.

Nikapelekwa X-ray. Daktari akatuitia picha, akatuonyesha kifua changu. Kulia pafu lipo, jeusi limejaa. Kushoto chini kuna kitu cha duara kama puto, na puto lile ni tumbo langu, yaani mfuko wenyewe wa chakula. Lilikuwa limepanda kifuani, limekaa mahali pa pafu.

Alitueleza hivi, nami nawaeleza nilivyoelewa. Kuna msuli mwembamba unaotenganisha kifua na tumbo, ndio unaotusaidia kuvuta pumzi. Pigo lile lilikuwa limeuchana. Mchaniko ulikuwa mdogo, kwa hiyo siku ile nikanyanyuka na kula. Lakini kila nilipobeba chuma, kila nilipobeua na kukohoa, tumbo likawa linajisogeza kupitia lile tundu kidogokidogo. Dawa ya kutapisha ikamalizia kulivuta lote. Akasema tungechelewa lingejinyonga humo ndani, na hapo tungekuwa tunaongea mengine.

Vidonda vya tumbo vilikuwepo au havikuwepo, hakujua. Alisema bakteria wale wengi wetu tunao.

Nikahamishiwa Dar, nikapigwa CT scan, nikafanyiwa operesheni. Wakalishusha tumbo, wakaushona msuli. Niliamka na mpira wa kutolea maji ubavuni na maumivu ya kukata, lakini wakuu, nilivuta pumzi ikafika chini kabisa. Nilikuwa nimesahau pumzi inafika wapi. Nililia pale kitandani kama mtoto na sioni aibu kuandika.

Sasa hivi nakula. Naanza tena kubeba vitu vyepesi, vizito nimeambiwa bado. Mama Nasra ananipakulia. Nilimwomba msamaha, kwa maneno, nimekaa chini yeye amekaa kwenye kiti. Akasema yameisha. Nadhani kwake yameisha kweli, au karibu.

Dada Zuhura naye alikuja kuniona, akasema Mungu ni mkubwa, akashukuru madaktari. Kisha akiwa anavaa viatu mlangoni akaniuliza, "Lakini kwa nini ulianguka siku ile ile uliyopewa jogoo?" Nikamwangalia. Nimechoka, wakuu. Nikamwambia nenda salama dada.

Juzijuzi nimekwenda Marui, mara ya kwanza tangu haya yatokee. Seif alinipokea, akanishika mkono muda mrefu, akasema shemeji nilikuua bila kujua. Nikamwambia Mzaramo hajawahi kumuua Mnyamwezi, hana nguvu hizo. Akacheka kidogo. Angalau tumerudi hapo.

Mama mkwe nilimwamkia nimeinama kama kawaida. Akaitikia marahaba, akaniuliza hali, akaniuliza kazi, akamuuliza Nasra shule. Yote sawa, kwa sauti ileile ya siku zote. Sikusema kitu, kwa sababu niseme nini? Hakuna mtu aliyewahi kumtuhumu mbele yake. Hakuna neno lolote lililotamkwa nyumbani kwake la mimi kwenda kulifuta. Nikianza kuomba radhi, ndiyo kwanza nitakuwa namwambia kwa mdomo wangu kwamba nilimdhania mchawi.

Ulipofika mchana wenyeji wakapakuliwa ubwabwa na samaki. Nikaona Mama Nasra na Nasra wamepewa sahani zao.

Mimi nikaletewa sinia. Alilileta mama mkwe mwenyewe, akaliweka mbele yangu bila kuniangalia. Juu yake palikuwa na pakiti ya biskuti ya dukani, haijachanwa. Na chupa ya soda haijafunguliwa, na kifungulio pembeni yake ili niifungue kwa mkono wangu.

Akasema, "Karibu mwanangu, ule kwa amani."

Niliifungua nikainywa yote. Chakula kile ndicho kigumu kuliko vyote nilivyowahi kuvimeza, na tumbo langu lilikuwa zima kabisa.

Somo langu ni fupi. Ukiulizwa na daktari kama uliumia, usipime mwenyewe nini ni ajali na nini si ajali. Mwambie yote, hata ile uliyoanguka mkaicheka. Na mtu akikuambia umelishwa, kabla hujaanza kuogopa sahani ya mtu, nenda kapigwe picha.

Hilo la tumbo limeisha, sihitaji dawa, tafadhali msinitumie namba za waganga PM.

Ninachoomba kwenu, hasa mliooa Uzaramo na wazee wa humu mnaozijua hizi mila: nifanye nini ili yule mama anipikie tena? Niende na mshenga? Nimtume yule shangazi wa mke wangu? Au niende tu siku moja bila taarifa, nikae jikoni kwake niseme nina njaa?

Nasoma comment zote. Matusi pia nasoma.